Farasi wa mapipa na nguzo (2): Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Wiki iliyopita tulieleza mchezo wenyewe: mapipa matatu yaliyopangwa pembetatu, na nguzo sita zilizosimama mstari mmoja, futi 21 kati ya moja na nyingine, farasi akipenyapenya kwenda na kurudi. Pipa au nguzo ikianguka, unaongezewa sekunde 5. Leo tuingie sokoni, huko Texas na Oklahoma ambako farasi hawa hufugwa kwa wingi.

Mnunuzi mgeni huuliza kwanza kasi. Anakosea. Kwa Quarter Horse, aina inayotawala michezo hii, kasi si kitu cha kutafuta kwa tochi; hata jina lake limetokana na mbio za robo maili. Adimu ni farasi anayefika kwenye pipa akiwa shoti, akajizuia mwenyewe, akakalia miguu ya nyuma, akageuka na kuchomoka. Mwili wa kilo 450 na ushei unaelemea viungo vya nyuma kila kona, na huko ndiko ubovu hujificha.

Kwa hiyo fika mapema kuliko saa mliyopatana. Ukimkuta ameshatandikwa na jasho linamtiririka, shuku. Farasi mwenye maumivu ya viungo huchechemea akitolewa bandani. Akishachangamshwa damu hutembea kama mzima. Pitisha kiganja polepole kutoka goti hadi kwato, kisha ulinganishe na mguu wa pili: penye joto au uvimbe pana neno. Mwombe mwenye farasi amkimbize taratibu juu ya sakafu ngumu, nawe ufumbe macho usikilize. Kwato zikilia kwa mizani isiyo sawa, sikio litakuambia kabla ya jicho.

Halafu aje daktari wa mifugo. Atakunja kila mguu na kuushikilia kwa muda, kisha farasi akimbizwe papo hapo; anayeficha maumivu huumbuka hapo. Picha za eksirei za viungo vya nyuma na kwato za mbele ni gharama, lakini zilipie. Damu nayo ipimwe, maana dawa kama fenilibutazoni humfanya kilema aonekane mzima siku ya mauzo.

Tabia haipimwi nyumbani kwa muuzaji. Mpeleke uwanjani. Wapo farasi waliochoshwa na mashindano, wakiuona mlango tu wanasimama kwa miguu miwili na kugoma. Na bingwa wa mapipa si lazima aziweze nguzo: kule anageuka mara tatu tu, huku lazima abadilishe mguu wa kutangulia kila akipita nguzo. Mwone kwa macho yako akifanya hivyo pande zote mbili.

Bei isikutishe wala kukulevya. Scamper, farasi wa mpandaji Charmayne James, alinunuliwa kwa dola 1,100 akiwa na sifa ya kurusha wapandaji. Mwaka 1985, kwenye fainali za taifa Las Vegas, hatamu ilimvuka kichwani katikati ya mbio. Akaendelea kuyazunguka mapipa, na raundi ile wakaishinda. Wawili hao walitwaa ubingwa wa dunia mara 10 mfululizo, 1984 hadi 1993.

Neno moja kabla hujalipa: daktari awe wako, asiwe wa muuzaji. Wiki ijayo tutazungumzia matandiko na lijamu.