Gasenyi, Tei Nyeusi Hainywangwi Mbio

Jua likishuka Gasenyi, kaskazini mwa Buja, milima ya Congo ng'ambo ya Tanganyika inakaanga kama imechorwa na makaa. Hapo ndo mbogi ilikuwa imekita base. Viti vya plastiki, jiko la mishikaki linafuka, na mimi mtoi wa Eastlands nimekam kucheki beshte yangu wa chuo, yule tulisota na yeye Nairobi. Weita akaniuliza swali lenye naskianga hadi Buruburu: "Ya baridi ama ya moto?" Beshte akanijibia na Kiswahili cha kwao: "Muletee Bock, isikuwe baridi sana."

Hiyo ni Amstel Bock, tei nyeusi ya Brarudi, kampuni iko Buja tangu 1955, enzi mji ukiitwa Usumbura. Meza zingine zilikuwa zimejaa Primus, chupa kubwa ya sentilita 72, na Amstel ya kawaida ya 65. Bock ni ya msee ameketi na hana haraka ya kutoka.

Wasee, ukipewa hii kitu usiiangushe mara moja. Mwaga kwa glasi polepole, uinue uicheki na taa. Ukidhani ni nyeusi tii, pale chini utaona wekundu, kama chai ya rangi imekolea. Povu lake limechukua rangi ya maziwa yenye yameguswa na kahawa. Kabla ya kuonja, nusa. Mimi nilipata sukari guru, halafu ule ukoko wa chini ya sufuria ya wali. Fundo la kwanza likakam tamu, likajaza mdomo wote. Uchungu ulichelewa, ukafika nishameza, na ukakaa. Na venye glasi ilikuwa inapoteza baridi, ndo karanga za kukaangwa na ndizi kavu zilianza kujitokeza. Hapo nikashika rada ya beshte: baridi kali inafunika ladha. Hii tei inajifungua ikipata joto kidogo.

Weusi wenyewe unatoka kwa nafaka. Shayiri inalowekwa, inaachwa imee, halafu inakaushwa na moto. Moto ukizidi, rangi na ladha zinazidi pia, vile tu buni ya Kayanza ama Ngozi inabadilika ikiwa kwa kikaango. So wacha ile story ya mtaa ati tei nyeusi lazima ikuangushe. Ginesi ya mfereji ya Dublin iko asilimia 4.2 tu, na kuna tei nyeupe kibao zinaipita. Rangi inakuambia moto ulifanya nini. Nguvu inategemea sukari ilikuwa ngapi na imegeuka alkoholi kiasi gani. Bock nyingi za Kijerumani ziko na zote mbili, na kawaida zinaanzia asilimia 6 hivi. Kwa hivyo soma chupa, na ukule kwanza.

Sisi tulikuwa tunadishi mbuzi, na hapo kuna kitu ilinifurahisha sana. Tei za aina hii zilianzia mji wa Einbeck, Ujerumani, karne nyingi nyuma. Watu wa Munich walivyolitamka hilo jina na lafudhi yao, likageuka "Bock", na kwa Kijerumani Bock ni beberu. Ndo maana chupa nyingi za hizo tei zinachorwanga mbuzi mwenye pembe. Sisi beberu tulikuwa naye kwa glasi na kwa sahani, na waliendana vizuri sana: mafuta yaliyoungua kwa makaa yanauita ule utamu wa moto wa shayiri, na chumvi inautuliza uchungu.

Kesho yake beshte akanipeleka kwa mathee mmoja hapo mtaani, ndo nione tei inatengenezwa na mikono. "Amahoro, mama," tukamsalimia, akatuita wanawe. Yeye hutengeneza urwarwa. Ndizi zinaivishwa kwa joto siku kadhaa, zinamenywa, zinakamuliwa na nyasi mpaka maji yatoke, halafu unga wa mtama uliokaangwa unatiwa ndo ichemke yenyewe. Ukiongeza maji inakuwa nyepesi. Usipoongeza unapata isongo, ile nzito. Mtama wenyewe ukimeeshwa, ukakaushwa na kusagwa, unazaa impeke, tei ya kahawia yenye wazee wanaizunguka kwa chungu kimoja, kila mtu na umuheha wake, yaani mrija. Nikakumbuka busaa ya ocha kwetu, chungu na mirija vile vile.

Nairobi nimeona mabeshte wakilipa ganji mob kwa tei ya kutengenezwa kidogo kidogo, na mimi naiheshimu hiyo kazi. Lakini mathee wa Gasenyi amekuwa kwa hiyo kazi maisha yake yote, na hajawahi kuandika jina lake kwa chupa. Vijana wa rika langu tumezoea kupima tei na venye inatuangusha haraka. Tunameza mbio, tunapoteza usiku na tunapoteza ladha, na wengine wetu tunapoteza hata njia ya keja. Bock yangu ilichukua karibu saa nzima, na hiyo saa tuliongea vitu hatujawahi kuongea miaka yote ya chuo.

Mathee akachota isongo kwa kibuyu, akaonja yeye kwanza mbele yetu, vile mwenye nyumba anafanyanga, ndo akanipatia. Nikachukua fundo dogo, nikalishikilia kwa ulimi. Alikuwa ananitazama usoni. Hakuuliza kama imenishika.

"Unasikia mtama?" akauliza.

Nikafunga macho. Ulikuwa mbali, nyuma ya ndizi, umeungua kidogo.

"Nausikia, mama."

Akacheka, akakaa chini na sisi.