Ganda la Hema Juu ya Ndai Limepauka? Usikimbilie Rangi

Msee wa Tena, hilo ganda la faiba la hema juu ya ndai yako linachapwa na jua la Nairobi kutwa nzima. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na ikweta iko hapo tu, so hilo jua si la mchezo. Pitisha kidole. Kikitoka na unga mweupe, jelikoti, ile ngozi ya juu inayong'aa, imeanza kuisha.

Hapa ndio wasee hupoteza doh: fundi anapuliza rangi juu ya huo unga, na ikianza kubanduka hamjuani. Osha kwanza na sabuni ya vyombo, halafu msasa wa maji namba 800, kisha 1500. Mng'ao ukirudi, piga kompaundi na waksi, imeisha hiyo. Waksi uirudie kila baada ya miezi kadhaa. Jik weka mbali.

Ukiona nyuzi za faiba ziko nje, hiyo ni stori ingine: resini, filla, praima, ndio rangi ya 2K. Na usiipulizie kwa balkoni ya ploti watoi wakicheza. Hadena yake inaumiza mapafu, na kale kamaski ka Korona hakazuii kitu.