Mgonjwa Asiyepona Anahitaji Rafiki

Yako magonjwa yasiyopona. Saratani iliyokwisha kuenea mwilini mara nyingi ni mojawapo. Je, mgonjwa wa namna hii tumwache peke yake? La, hasha!

Mwaka 1993, Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Wauguzi wake waliwafuata wagonjwa majumbani. Waliwapa mofini ya maji, dawa ya kunywa ya kutuliza maumivu makali. Maumivu yakipungua, mgonjwa hulala, hula na huzungumza. Ndipo husema anachotamani.

Nasi wa Tandala tufanye nini?

Kwanza, njoo zahanati mapema utueleze mgonjwa anavyoumia.

Pili, mtembelee, hata kama si ndugu yako. Mara nyingine mtu humweleza jirani jambo asiloweza kuwaambia watoto wake.

Tatu, muulize: "Unatamani nini?" Pengine anataka kupatana na nduguye: mwiteni. Pengine anataka kuliona tena shamba lake la viazi: mbebeni. Pengine anataka kumwandikia barua mwanawe aliyeko Makambako. Wewe umejifunza kuandika. Chukua kalamu, umwandikie leo. Usingoje kesho.