Gari la Fundi na Kitabu cha Marehemu

Chini ya mwarobaini, katika ua mmoja hapa Voi, limesimama Land Rover la kijani lililo zima kwa kila hali, ila halina ruhusa ya kutoka langoni. Nililiona juzi nikiwa njiani kwenda Wundanyi. Mwenyewe, fundi wa makamo mzaliwa wa Mwatate, alinikaribisha huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

"Hili, mzee, ni magari matatu," akaniambia. "Chesisi ilikuwa ya baba yangu mdogo, Mungu amrehemu. Injini nimeitoa kwa jingine lililopinduka. Bodi nimeinunua kwenye vyuma chakavu, leo mlango, kesho boneti."

Amelihangaikia miaka minne, na msomaji asidhani ni upuuzi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwa kuwa gari hilo lilipozaliwa Uingereza mwaka 1948 chuma cha pua kilikuwa adimu baada ya vita. Basi kutu huila chesisi, mwili ukabaki. Sehemu zake nyingi hushikana kwa bolti, na mtu mwenye spana na subira aweza kulivua na kulivika. Tena, kwa ile njia ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi, yenye kona za kuzungusha kichwa, mkulima wa kabichi haulizi uzuri wa gari. Huuliza kama litafika.

Wala gari la vipande si jambo geni kwetu. Tangu miaka ya 1970 viwanda vya Nairobi, Thika na Mombasa vilipokea magari yaliyofunguliwa, yamelala ndani ya makasha kama vyombo vya bibi harusi, yakaunganishwa papa hapa. Ndivyo zilivyopatikana Peugeot 504 nyingi tulizobanana ndani yake utotoni. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kikatakiwa kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer zikaonyeshwa. Zilikuwa tano, na hazikufika madukani. Lakini kiwanda hutoa gari na karatasi zake pamoja. Fundi wa uani hutoa gari peke yake.

Hapo ndipo penye fundo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humhesabu mwenye gari kuwa yule ambaye jina lake limo katika usajili, mpaka ithibitishwe vingine. Jina lililomo kitabuni ni la marehemu. Hata namba zenyewe ni za kale, zisizo na herufi mwishoni, za kabla ya 1989. Ili jina libadilike, sharti kwanza ipatikane idhini ya mahakama ya kusimamia mirathi, na warithi ni sita, wawili wako Mombasa, na mmoja wao hazungumzi na wenziwe. Kisha injini: namba iliyoandikwa kitabuni siyo iliyochongwa kwenye injini ya sasa. Mabadiliko hayo lazima msajili aarifiwe, gari likaguliwe, na fundi aonyeshe alikoitoa.

"Risiti unayo?"

"Nilimlipa mkononi, mzee," akasema, akatazama chini.

Mimi chuoni nilisomeshwa na mwalimu asiyekubali neno lisilo na sanadi: nani kalipokea kwa nani, hata lifike mwanzo wake. Pete moja ikikatika, neno huwekwa kando, liwe tamu lisiwe tamu. Nilipomweleza hayo fundi alicheka: "Basi serikali nayo imepita chuoni." Nami sikuona kosa kwa hilo. Magari huibwa, yakavuliwa usiku mmoja, na mpaka wa Taveta si mbali. Ila ofisi aliyoiendea mara tatu ilimpa majibu matatu, na hilo hakuna sheria iliyoliamuru.

Kodi ya barabara haimsumbui. Siku hizi hulipwa kituoni, ndani ya bei ya kila lita ya mafuta, kwa tozo iliyowekwa na sheria ya 1993. Kilichomtia hofu ni Mswada wa Fedha wa 2024, uliotaka kila gari litozwe asilimia mbili u nusu ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000, na thamani ikadiriwe kwa aina, ukubwa wa injini na mwaka wa kutengenezwa. "La kwangu wangeandika mwaka gani?" aliniuliza. Mswada uliondolewa Juni mwaka huo huo, na swali lake likaondoka nao.

Kabla sijaaga aliliwasha. Liliitika mara ya kwanza. Akaliendesha kutoka mwarobainini hadi langoni, akatazama kulia na kushoto kama anayeingia barabara kuu, kisha akarudi kinyumenyume, watoto wakimshangilia.

Aliponisikia nikisema narudi Mombasa, akaingia ndani, akatoka na barua ya yule nduguye asiyezungumza na wenziwe. Ninayo mfukoni ninapoandika haya.