Nani Anaitazama Diani? Kuzisoma Video za Wasanii wa Kujitegemea wa Pwani ya Kusini

Droni inapaa kutoka mchangani, inavuka vilele vya minazi, kisha bahari inafunguka: maji ya kijani hafifu hadi mwambani, na nje ya mwamba samawati iliyokolea. Kijana mwenye shati jeupe lisilofungwa vifungo anaanza kuimba ameegemea ngalawa. Mrembo anapita, leso yake ikipepea kwa mwendo wa polepole. Anayefuatilia nyimbo za vijana wa Pwani ameiona video ya namna hii mara nyingi, kila mara kwa sura nyingine na jina jingine.

Kufanana huko kuna sababu zake. Mwanazuoni wa filamu Steve Neale alieleza mwaka 1980 kwamba kila aina ya kazi ya sanaa huishi kwa marudio na tofauti: mtazamaji anataka kukitambua anachokitazama, na wakati huohuo apate kipya. Shabiki wa taarabu hahitaji kufundishwa jambo hilo. Huingia ukumbini akiujua mpangilio wa usiku mzima, lakini humtunza mwimbaji kwa ubeti ulioletwa kwa namna ambayo hakuitarajia.

Kwa video za nyimbo, chombo cha uchambuzi kinachotumika sana ni kile cha mtafiti Andrew Goodwin. Kitabu chake kilitoka mwaka 1992, miaka kumi na mmoja baada ya kituo cha MTV kuanza kurusha matangazo Marekani tarehe 1 Agosti 1981. Goodwin aliorodhesha kaida ambazo hujirudia. Kila aina ya muziki ina mandhari na mavazi yake. Picha huhusiana na maneno ya wimbo, ama kwa kuyaonyesha, ama kuyakuza, ama kuyapinga. Mikato ya picha hufuata mdundo. Kampuni ya muziki hudai sura ya nyota ionekane kwa karibu, tena na tena, hadi iwe chapa ya biashara. Kuna suala la nani anatazama na nani anatazamwa. Na mwisho, video huazima kutoka filamu, televisheni na video nyingine.

Orodha hiyo inafanya kazi vizuri Kwale, kaunti iliko Diani. Wimbo wa mapenzi hupelekwa ufuoni, na wimbi linalovunjika mwambani hukuza majonzi yaliyomo katika maneno. Wimbo wa kufokafoka juu ya maisha magumu hupigwa Ukunda, kati ya gereji, vibanda na bodaboda. Swali gumu linakuja kwa msanii wa kujitegemea. Hana lebo ya kumdai lolote, anarekodi katika studio ya chumba kimoja, na dairekta wake ni rafiki mwenye kamera. Je, naye hufungwa na kaida hizi?

Hufungwa, ila dai limehama mahali. Tangu YouTube ianze mwaka 2005, watazamaji wengi wamehamia kwenye kioo cha simu, na juu ya kioo hicho kidogo sura isiyojaza picha hupotea. Kwa hiyo picha za karibu zimebaki hata pale ambapo hakuna ofisi ya lebo inayozidai. Na mwenye jumba la kifahari akiliazimisha bure kwa siku moja, huenda akatarajia kibao cha jina lake kionekane kwenye video. Msanii huyu ndiye lebo yake mwenyewe, na hubeba madai yote ambayo zamani yaligawanywa kwa idara kadhaa.

Pamoja na hayo, video za kujitegemea zimejenga kaida zao duniani kote: kamera ya mkononi inayotikisika, mwanga wa jua badala ya taa, marafiki badala ya waigizaji, mtaa wa nyumbani badala ya seti. Mwaka 2006 bendi ya Marekani OK Go ilitoa video ya wimbo "Here It Goes Again", ambamo vijana wanne wanacheza juu ya mashine za kukimbilia, kwa mkupuo mmoja wa kamera. Aliyeielekeza ni Trish Sie, dada wa mwimbaji mkuu, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Grammy. Wakati huo bendi ilikuwa bado na mkataba na kampuni kubwa ya muziki. Hapo ndipo nadharia inapomsaidia mtazamaji: mwonekano wa kujitegemea ni mtindo wa picha, na unaweza kuvaliwa na yeyote.

Kenya ina mfano wake maarufu. Mwezi wa Machi 2010 kundi la Just a Band kutoka Nairobi lilitoa video ya "Ha-He", yenye shujaa Makmende mwenye nywele za afro na ngumi zisizokosea. Iliazima waziwazi kutoka filamu za mapigano za Wamarekani weusi za miaka ya 1970. Wakenya wakaichukua na kuunda picha na vichekesho vyao chungu nzima, hadi vyombo vya habari vya nje vikaiandika habari hiyo. Kuazima ndiko kulikokuwa kiini cha kazi, na watazamaji walifurahi kwa sababu walitambua kilichoazimwa.

Basi video ya Diani inaazima kutoka wapi? Kwa sehemu kubwa, kutoka tangazo la utalii. Mwaka 1990 mwanasosholojia wa Uingereza John Urry aliandika juu ya jicho la mtalii: namna mgeni anavyofunzwa na picha, kabla ya kusafiri, ni kitu gani akitafute na kipi akipite. Katika Pwani ya Kenya jicho hilo limekutana na muziki kwa miongo mingi. Bendi ya Them Mushrooms, iliyoanzia Mombasa, ilipiga muziki kwenye mahoteli na kuipa dunia "Jambo Bwana", wimbo uliotungwa na Teddy Kalanda Harrison kwa kumlenga mgeni anayekaribishwa. Kundi la Boney M likaurekodi kwa namna yake mwaka 1983. Ulikuwa ustadi mkubwa, na uliwapa wanamuziki kazi. Lakini kijana wa Msambweni anayeimbia wenzake leo hana mgeni wa kumkaribisha, na bado kamera yake husimama palepale anaposimama mgeni: mchangani, ikitazama baharini.

Akiigeuza kamera, atakuta mengi. Gazi kuna mikoko ambayo wanakijiji wanaitunza kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013 na kuuza hewa ya kaboni. Maumba na Nguluku kuna ardhi iliyochimbwa titani, iliyoanza kusafirishwa nje mwaka 2014 hadi uchimbaji ukasimama Desemba 2024. Kinango kuna ukame na mifugo ya Waduruma. Na kuna sengenya, ngoma ya Wadigo, yenye zumari na ngoma za sauti mbalimbali, ambayo mikato ya picha ingeweza kuifuata hatua kwa hatua.

Suala la mwili unaotazamwa nalo lina nadharia yake. Mwanazuoni wa filamu Laura Mulvey aliandika mwaka 1975 kwamba filamu humweka mwanamke kama kitu cha kutazamwa na jicho la mwanamume. Mrembo wa video ya ufuoni, asiyesema neno na asiye na jina, yumo ndani ya maelezo hayo. Kundi la Kenya la Sauti Sol liliugeuza mchezo mwaka 2014 kwa video ya "Nishike", ambamo miili ya wanaume ndiyo iliyoanikwa, na mjadala mkali ukazuka nchini.

Mjadala wa aina hiyo aliutabiri Stuart Hall, msomi mzaliwa wa Jamaika, katika andiko lake la 1973. Alisema mtengenezaji huweka maana yake, lakini mpokeaji anaweza kuikubali, kuijadili au kuikataa. Video moja ya mapenzi iliyopigwa kwenye ufuo wa Galu itasomwa Nairobi kama likizo. Kwa Mwislamu wa kijijini Msambweni, mavazi ya binti yule ndiyo habari kuu. Kwa kijana wa Pwani anayefanya kazi Muscat, ule mnazi nyuma ya mwimbaji ndio wimbo wenyewe.

Zipo pia picha ambazo mahali penyewe panaziwekea mipaka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, inadai leseni ya kupiga picha, na hifadhi ya baharini ya Kisite-Mpunguti iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu ya kaya iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, ina masharti ya wazee: mgeni hufunga kaniki kiunoni, na kamera haiingii popote inapotaka. Dairekta anayeyaheshimu masharti hayo hulazimika kutafuta picha nyingine, na mara nyingi utafutaji huo ndio unaomtoa nje ya mazoea.

Uchambuzi huu hauhitaji chuo kikuu. Mtaala mpya wa Kenya umeweka filamu, maigizo na muziki katika mkondo wa sanaa na michezo wa sekondari ya juu, ambako wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia Januari 2026. Mwalimu wa Kinango au Lunga Lunga anaweza kuanza na video ya msanii wa kata yake: wanafunzi waitazame mara moja bila sauti, waandike kila picha ambayo hoteli ingeweza kuitia kwenye tangazo lake, kisha wamwite msanii mwenyewe darasani awaeleze kwa nini alizichagua.