Shirikisho la Afrika Mashariki: Wananchi Wanaulizwa Nini?

Kila mara Shirikisho la Afrika Mashariki linapojadiliwa, watu hugawanywa haraka katika makundi mawili: wapenda umoja na waoga. Mgawanyo huo unapotosha. Mtu anaweza kuutaka umoja kwa moyo wote na bado akaukataa mpango fulani wa kuuleta. Hapana budi kwanza tulielewe swali lenyewe: nchi inapoingia katika muungano wa kisiasa inatoa madaraka gani, inamkabidhi nani, na mkulima au mfanyakazi anabaki na uwezo gani wa kumhoji huyo aliyekabidhiwa?

Umoja wa nani?

Tuanzie Kahe, kusini-mashariki ya Moshi, ambako historia ya jambo hili imeandikwa kwa chuma. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga kwenda Moshi ilipita hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka Kahe, na reli yao kutoka Voi kupitia Taveta ikaunganishwa hapo na ile ya Tanga. Ilijengwa ili kubeba askari na silaha. Baada ya vita ikawa njia ya pili ya mizigo ya Kilimanjaro kwenda baharini, kupitia Mombasa. Nchi mbili ziliunganishwa, na wenyewe hawakuulizwa.

Katika miaka ya 1920 baadhi ya walowezi wa Kenya, akiwamo Lord Delamere, walitaka Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe. Umoja huo ungepanua utawala wa walowezi. Waafrika walikuwa na kila sababu ya kuutilia shaka, na mwaka 1931 Martin Kayamba wa Tanganyika alikuwa miongoni mwa Waafrika waliokwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza.

Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alisema yuko tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziingie katika uhuru zikiwa shirikisho. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi nia ya kuliunda mwaka huo huo. Halikuundwa, kwani nchi hazikukubaliana namna ya kugawana madaraka. Neno lilikuwa lile lile la umoja, lakini shabaha ilikuwa kinyume kabisa na ile ya walowezi. Kwa hiyo hatuwezi kuupima muungano kwa jina lake. Tunaupima kwa kuuliza unamtumikia nani.

Fundisho la mwaka 1977

Jumuiya ya mwaka 1967 iliendesha kwa pamoja reli, bandari, posta na ndege. Lakini faida haikugawanyika sawa, kwa kuwa viwanda vingi vilikuwa Kenya. Siasa za uchumi zilitofautiana, na baada ya Idi Amin kunyakua madaraka Uganda mwaka 1971 wakuu wa nchi hawakuweza tena kukutana. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Njia ya Kahe kwenda Voi ikapoteza kazi yake, na soko la Taveta likawa ng'ambo ya mpaka uliofungwa.

Wakuu wa nchi walikuja kutia saini mkataba wa kugawana mali mwaka 1984. Wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya hapa nchini waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi zaidi. Hapa pana fundisho kubwa: muungano usio na utaratibu wa haki wa kugawana faida huwaachia wanyonge mzigo wa kuvunjika kwake.

Wananchi walisema nini?

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako ilipendekeza njia ya haraka ya kufikia shirikisho. Kuanzia Oktoba 2006 wananchi waliulizwa, na hapa Tanzania kazi hiyo iliongozwa na Profesa Samuel Wangwe. Jibu lilikuwa na sehemu mbili: wengi walilikubali shirikisho lenyewe, na wengi waliikataa haraka. Agosti 2007 wakuu wa nchi, walipokutana Arusha, waliamua hatua za uchumi ziimarishwe kwanza.

Hofu iliyosikika sana ilikuwa ya ardhi. Wengine waliicheka, lakini mtu wa Kilimanjaro anaielewa. Mlimani vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimekuwa vipande vidogo, na familia nyingi hutegemea pia shamba la tambarare. Kwa watu hao ardhi ndiyo chakula chenyewe. Na hofu hiyo haikupotea bure: Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema katika kifungu cha 15 kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitaongozwa na sera na sheria za kila nchi. Kusita kwa wananchi kulikuwa na maana, na mkataba uliizingatia.

Nchi ndogo ndani ya muungano

Zanzibar inalijua suala hili kuliko wengine. Hati za Muungano zilitiwa saini na Nyerere na Karume tarehe 22 Aprili 1964 na kuidhinishwa siku chache baadaye, bila kura ya maoni. Mambo ya Muungano yalianza 11, yakafikia 22. Na kwa kuwa mambo ya nje ni ya Muungano, Zanzibar si mwanachama wa Jumuiya kwa jina lake. Inapouliza itakuwa na sauti gani katika shirikisho kubwa zaidi, huo si usaliti wa umoja. Ni swali la mdogo yeyote anayeingia katika nyumba ya wakubwa.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi walichagua konfederesheni iwe hatua ya mpito. Katika konfederesheni kila nchi hubaki dola kamili na hukabidhi mambo machache yaliyotajwa. Katika shirikisho dola mpya huzaliwa juu ya zote. Wataalamu wa katiba yake walianza kukusanya maoni Burundi, nchi ndogo, mwaka 2020. Jumuiya sasa ina nchi 8, na kila nchi inayoongezeka inaongeza uzito wa swali hili.

Kwa hiyo wananchi wanapoulizwa maoni, wasikubali kujibu ndiyo au hapana tu. Waulize: ni mambo gani yanakabidhiwa? Faida itagawanywaje? Nani anaweza kuwaondoa watakaotawala? Na mambo yakiharibika, nani atalipa? Umoja uliojibu maswali hayo utakuwa na wenyewe wa kuulinda. Usioyajibu utakuwa kama njia ya Kahe kwenda Voi: waliijenga wakubwa, ikapotezwa na ugomvi wa wakubwa, na aliyekosa usafiri ni mwananchi.