Sola Yako Kamere: Je, Unapata Mwanga Wote Unaoulipia?

Wengi wetu hukumbuka sola siku mbili tu: siku ya kulipa, na siku taa inapozimika mapema. Katikati hapo hakuna anayepanda kuangalia paneli. Na huko juu ya mabati ndiko pesa zako hupotelea.

Kutoka Kamere hadi Olkaria, ambako Kenya inazalisha stima ya mvuke tangu 1981, si mbali. Lakini bado kuna nyumba zinazotegemea sola, na hata wenye stima huiweka kama akiba. Usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, wenye sola waliona faida yake.

Tupige hesabu kidogo

Tuseme una paneli ya wati 20. Ikipata jua kali kwa saa 5, inatoa wati-saa 100. Toa robo inayopotea kwenye joto, nyaya na betri, unabaki na 75. Taa 4 za wati 2 zikiwaka saa 5 zinakula 40. Kuchaji simu mbili, kama 30. Jumla ni 70, kwa hivyo unatosheka.

Sasa vumbi likikunyima moja ya tano ya nguvu hiyo, 75 inakuwa 60. Umepungukiwa. Saa tatu usiku taa inafifia, na mtoto hajamaliza kazi ya shule. Kama unalipa, tuseme, shilingi 50 kwa siku, hapo shilingi 10 inaenda bure kila siku. Kwa mwezi ni shilingi 300.

Na Kamere vumbi si haba. Udongo wa huku ni wa volkano, mwepesi, na wakati wa kiangazi gari likipita tu unapanda hadi kwenye paa.

Anza na mambo haya

1. Andika saa. Kwa wiki mbili, andika kwenye kalenda ya ukutani saa unayowasha taa na saa zinapozimika. Weka alama siku za mawingu, ili usilaumu betri kwa kosa la mvua. Siku za jua zikianza kukupa mwanga mfupi, kuna shida.

2. Safisha asubuhi. Tumia maji safi na kitambaa laini kabla jua halijawa kali, kwa sababu kioo chenye moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Usitumie mchanga wala stilwaya. Ngazi ishikwe na mtu, na usikanyage paneli.

3. Tafuta kivuli. Mti umekua? Jirani ameongeza ghorofa? Seli za paneli zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hivyo kivuli kwenye kona moja tu kinaweza kushusha nguvu ya paneli nzima. Angalia asubuhi, adhuhuri na jioni. Sisi huku tuko kusini kidogo ya ikweta, kwa hivyo paneli iinamie kaskazini kiasi, mvua nayo isaidie kuiosha.

4. Kagua nyaya na betri. Panya hutafuna nyaya, na viungio hushika kutu. Betri iwe mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko. Usizoee kuitumia hadi izime kabisa kila usiku, itachoka haraka.

Kabla hujamwita fundi

Kwanza hakikisha siku ulizolipia hazijaisha. Kifaa kilichojifunga na kifaa kilichoharibika vyote huacha nyumba gizani, lakini dawa zake ni tofauti. Tafuta SMS ya malipo ya mwisho: nambari ya akaunti ni yako? Tokeni umeiingiza yote? Hizi SMS usizifute, ndizo ushahidi wako ukipigia muuzaji simu.

Kama umelipa, umesafisha, hakuna kivuli, na mwanga bado ni mfupi, mpigie muuzaji kwanza ikiwa warantii haijaisha. Ukifungua kifaa mwenyewe unaweza kuipoteza. Ukitafuta fundi wa nje, muulize leseni ya EPRA, ambayo mafundi wa sola wanatakiwa kuwa nayo.

Na hili tunarudia kila mara: hakuna fundi anayehitaji PIN yako ili kutengeneza sola. Mtu akikupigia akidai "mfumo wako unazimwa leo, nitumie PIN," kata simu. Ukilipa, soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha.

Jumapili hii, kabla jua halijapanda, chukua ndoo na kitambaa. Kisha jioni uandike saa ya kwanza kwenye kalenda.